Kumtafuta Asiyefaa Moshono

Katika nchi nyingi nilizopita, mzazi mwenye watoto wanne na uwezo wa kumsomesha mmoja humpeleka shule yule mwenye akili zaidi. Nimeyaona hayo kwenye miji ya bandari na kwenye vijiji vya milimani, na kila mahali wenyewe hudhani hakuna namna nyingine. Kwenye miteremko ya Meru, katika miaka ya Wadachi, mambo yalikuwa kinyume. Boma la Wajerumani likidai kijana wa kwenda shule, wazee walikaa wakamtafuta yule ambaye kuondoka kwake hakutamnyima mtu usingizi. Mvivu, mgomvi, mwizi wa mbuzi, au mtoto wa nyumba isiyo na mtetezi. Huyo ndiye aliyekuwa msomi. Shule ilikuwa kodi nyingine tu, na hakuna mtu anayelipa kodi kwa ng'ombe wake mzuri.

Ndiyo maana Lemburis wa Moshono alipata taabu. Yeye alitaka kwenda.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya reli kufika Moshi. Mavuno yalikuwa yameisha, na tarishi wa boma akapanda hadi Moshono na fezi yake nyekundu. Alisema kila mtaa utatoa kijana mmoja aende kwenye shamba la mafunzo la serikali, kule chini karibu na pwani, kwa miaka miwili. Huko atajifunza kupanda kwa mistari, kupima udongo, na hesabu ya shamba: limekula nini, limezaa nini, mazao yauzwe lini na wapi. Leo tungeiita elimu hiyo uchumi wa kilimo, na mtu angevishwa joho na kupigwa picha. Tarishi aliyasema yote kwa pumzi moja, kisha akaomba pombe ya ndizi.

Wazee hawakusikia chochote baada ya "miaka miwili." Tayari walikuwa na jina: Lengai.

Lengai alikuwa wa rika moja na Lemburis, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda kulala tu. Moshono nzima ilikunywa na kulima kwa mfereji uliochimbwa na mababu kutoka juu mlimani, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Kuiacha zamu ipite ilikuwa aibu kubwa kuliko kushindwa vita. Lengai aliiacha mara nyingi mpaka majirani wakaacha kumsema. Walikuwa wakimkuta amelala chini ya migomba, maji yakipita karibu na kichwa chake, migomba yake mikavu.

Lemburis, kwa upande wake, alikuwa amesikia yale maneno ya mwisho ya tarishi: yauzwe lini na wapi.

Mwaka ule yeye na mama yake, Resiato, walikuwa wamebeba maharage mpaka kwenye duka la Abdulrahim, jirani na boma. Walipofika walikuta mtaa mzima umefika kabla yao na mitaa mingine inakuja nyuma. Bei ikaanguka palepale, wakiwa bado hawajatua mizigo. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyohivyo, na kiangazi kilipokaza Resiato alitoa mbuzi dukani ili apewe maharage. Lemburis aliyatambua. Yalikuwa na madoadoa mekundu, mbegu ya mama yake mwenyewe. Mbuzi yule alikuwa ametolewa kwa maharage ambayo Lemburis aliyapalilia kwa mkono wake, na jambo hilo lilimkaa kooni.

Siku chache baada ya tarishi kuondoka, aliteremka mjini.

"Shikamoo, Bwana Abdulrahim."

"Marahaba. Umeleta nini? Sioni mzigo."

"Nimeleta swali."

"Maswali sinunui, ghala limejaa." Abdulrahim alikuwa mtu wa Pangani, mnene, mwenye kikohozi cha bara ambacho hakikumwacha tangu afike kwenye baridi ya mlima. Alisogea kidogo kwenye mkeka ili kijana akae. "Haya, lete hilohilo."

"Maharage yetu yamo humo ndani?"

"Yamo. Yenu na ya majirani zenu wote. Yanalala vizuri kuliko mimi."

"Utayaamsha lini?"

"Jua likikaza. Walowezi wana vibarua wa kulisha, na treni ya Moshi haikatai mzigo."

"Nani alikufundisha kusubiri?"

"Kufilisika," alisema Abdulrahim, bila haya. "Kule Pangani niliuza upesi, nikafilisika. Korogwe nilisubiri mno, fukusi wakala mpaka magunia. Hapa ndipo nimepata akili kidogo."

"Na hiyo shule ya serikali?"

Abdulrahim alikohoa, akafikiri. "Watakufundisha pamba. Pamba hailiwi, na bei yake inapangwa na watu ambao hutawaona maisha yako yote. Hapo jihadhari. Lakini hesabu yenyewe ni nzuri. Mdachi akifilisika hukaa akatafuta kwa nini. Mimi nilikaa nikalia."

"Kwa hiyo niende?"

"Mimi ndiye nikwambie nenda?" Mfanyabiashara akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamrudia. "Ukishajua, mimi nitanunua kwa nani?"

Lemburis alipanda kurudi Moshono akiwa ameshaamua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa na jina, Namnyaki, na baba wa Namnyaki alikuwa Lerionka, mzee wa mfereji.

Lerionka alikuwa mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji, kwa hiyo aliwajua vijana wote kwa namna wanavyoamka. Lemburis alikuwa amempelekea asali ya uchumba mwezi mmoja kabla, na Lerionka alikuwa ameipokea. Kwa desturi ya Waarusha, mzee asiyemtaka mkwe huirudisha asali ileile katika chombo kilekile. Akikaa nayo, akaichemsha pombe na kuwaita wenzake, basi amekubali. Lerionka alikuwa amewaita wenzake.

Sasa tazama mtego wenyewe. Aliyetaka kwenda shule ilimbidi awe hafai. Na asiyefaa hangempata binti wa Lerionka. Asipokwenda, angebaki na Namnyaki na maharage yenye madoadoa, akiyauza wakati wa mavuno na kuyanunua kiangazi mpaka meno yamtoke.

Alimjaribu mama yake kwanza, wakati wa chakula.

"Yeyo, hiyo shule ya pwani unaionaje?"

"Pwani kuna homa," alisema Resiato. "Na wasiwasi wangu ni ng'ombe wa sherehe ya rika lenu. Mtu asipokuwepo, sehemu yake inaliwa na nani?"

"Ataila Lengai."

"Lengai si ndiye anakwenda?"

"Na nikienda mimi?"

Resiato alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Wewe? Kwa kosa gani?"

Basi Lemburis akaona dawa ni kutafuta kosa. Aliamua kuwa mvivu kidogo tu, kiasi cha kuchaguliwa, halafu baadaye angemweleza Lerionka kila kitu. Wazo hilo lilionekana zuri alipokuwa amelala chali akiliwaza. Zamu yake ya maji ilipofika, hakuamka. Alijilaza shambani mahali ambapo watu wangemwona, akafunga macho, akasikia maji yakipita kwenda kwa jirani. Ilimuuma kama jino.

Lakini alikuwa amelisahau rika lake. Vijana waliotahiriwa pamoja huhesabiana kama viungo vya mwili mmoja. Walipomwona Lemburis amelala wakati wa maji, hakuna aliyesema ni mvivu. Walisema anaumwa. Kabla jua halijapanda walikuwa wameelekeza maji shambani kwake, wamepalilia migomba, na wamechinja mbuzi. Supu ikaja ndani ya kibuyu, nyeusi, imechemshwa na magome machungu yanayotoa jasho mpaka kwenye nyayo.

"Kunywa."

"Siumwi, jamani."

"Wanaoumwa sana husema hivyohivyo. Mshikeni kichwa."

Alikunywa. Kesho yake akajilaza tena, wakamletea kibuyu kikubwa zaidi. Lerionka alipita na fimbo yake, akatazama shamba lililomwagiliwa vizuri kuliko siku zote, na kundi la vijana wakimzunguka mgonjwa. "Mtu mwenye wenzake namna hii," alisema, "nimempa binti mahali pazuri."

Wakati huohuo jambo la ajabu lilikuwa likitokea upande wa pili wa mtaa. Lengai, aliposikia ndiye atakayetolewa, aliingiwa na hofu ya homa ya pwani na ya kuamshwa kwa filimbi. Akaanza kuamka alfajiri. Alizibua mfereji mpaka kichwani kabisa, kule kwenye mawe, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kufika. Aliwakatia wazee majani ya ng'ombe bila kuombwa. Aliwasalimia watu kwa sauti, ili waone kwamba ameamka.

Namnyaki alimkuta Lemburis kwenye kivuko cha mfereji, ameketi, mdomo bado mchungu wa magome. Msichana alikuwa anarudi kutoka sokoni na ngozi ya mbuzi mgongoni.

"Wasichana wanasema umelala kwa ajili ya kunipenda mimi," alisema. "Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili nikafurahi. Leo nimeanza kuwa na mashaka."

"Mashaka gani?"

"Mvivu hulala. Wewe ulikuwa unayasikiliza maji kama mtu aliyefiwa. Unataka kwenda shule."

Lemburis aliangalia pembeni. "Nani kakwambia?"

"Uso wako. Umepanga wakufukuze, sivyo? Akili zako zilikuwa wapi?"

"Baba yako atasemaje nikitaka mwenyewe?"

"Atapiga kelele. Kisha ataitafuta asali yako airudishe."

"Na wewe?"

Namnyaki aliitua ngozi. "Sikiliza. Mimi napeleka ndizi kwa wanawake wa Kimaasai kila soko. Mwaka wa mvua wananipa ngozi mbili kwa mkungu, mwaka wa ukame moja. Hiyo naielewa. Mwaka huu mvua imenyesha, ng'ombe wao wamenenepa, na wananipa moja. Nimewauliza, wenyewe hawajui. Nimemuuliza baba, akasema Wamaasai wamekuwa wachoyo. Wewe unaona ni uchoyo?"

"Labda ngozi zinakwenda Moshi kupanda treni."

"Labda. Nenda kajue. Lakini usitoke kwa mlango wa wavivu, Lemburis. Nikiolewa na mtu aliyetupwa, nitasutwa pale mferejini mpaka nizeeke. Simama mbele yao, sema unataka."

"Watacheka."

"Na wacheke. Baba akicheka, hasira yake huchelewa kufika."

Mkutano ulifanyika pale mfereji unapogawanyika matawi matatu, mahali wazee walipozoea kugombana kuhusu maji. Lerionka alishika fimbo ya kusemea.

"Tumekuja kumtoa Lengai," alisema. "Tumalize, tukanywe."

"Ngoja kwanza," alisema mzee Sumari. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wote, na alikuwa amebakiwa na meno mawili na utani mwingi. "Tawi langu halijawahi kupata maji safi kama mwezi huu. Huyu kijana ameuzibua mfereji mpaka juu. Tukimtoa, nani atauzibua tena, wewe?"

"Hata mimi amenikatia majani," alisema mwingine.

"Na mimi."

Lengai, nyuma yao, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

"Kijana amepona uvivu," alisema Sumari. "Ni haki kumtupa mtu aliyepona?"

"Basi nani?" aliuliza Lerionka.

Hapo kila mzee akamtaja mtoto wa jirani yake, na kila jirani akaruka. Walitajana mpaka ya zamani yakafukuliwa, nani aliiba maji ya nani na nani alimficha fahali wa nani. Fimbo ya kusemea ikawa inanyang'anywa.

"Nipeni fimbo," alisema Lemburis.

Walimpa kwa sababu walidhani mgonjwa ana neno la mwisho.

"Nitakwenda mimi. Nataka kwenda."

Wakacheka wote pamoja, hata Lerionka. Sumari alifuta machozi. "Jamani, tumepata. Anayeomba adhabu ana wazimu. Mwenye wazimu hafai. Na sisi tulikuwa tunamtafuta asiyefaa. Mwambieni tarishi, twendeni tukanywe."

Mlango ulikuwa umefunguka wazi kabisa. Lemburis angenyamaza tu, angekuwa ameondoka. Lakini pale juu, nyuma ya migomba, wasichana walikuwa wamesimama na vibuyu vya maji, na mmoja wao hakuwa anacheka.

"Sina wazimu," alisema. "Sikubali kupelekwa kama mwenye wazimu. Mwambieni tarishi Moshono imemtoa mtu anayeamka kwenye zamu yake."

Kicheko kikakatika.

"Ng'ombe wa kodi," alisema Lerionka polepole, "unachagua yule anayeongoza kundi?"

"Ng'ombe wa kodi harudi, baba. Mimi nitarudi."

"Na nini?"

"Na sababu. Kila mavuno tunakimbilia dukani siku moja, kama mbuzi waliofunguliwa zizi, bei inaanguka mbele ya macho yetu. Kiangazi tunayafuata maharage yaleyale kwa mbuzi wetu. Nataka kujua kwa nini tunafanya hivyo."

"Kwa nini?" Sumari aligeuka kumtazama. "Mwanangu, hilo hata mimi nakujibu bila shule. Kodi ya nyumba inadaiwa baada ya mavuno. Mdachi hangoji kiangazi."

Lemburis alikuwa amelifikiria jambo hili usiku na mchana, na kodi haikumjia. Wazee waliona amekwama, wakaanza kuguna kwa furaha.

"Umeona?" alisema mmoja. "Swali limekwisha. Kaa chini."

"Halijaisha," alisema Lemburis, na masikio yake yalikuwa ya moto. "Basi nitajifunza namna ya kulipa kodi bila kuuza maharage wakati huo. Kuna mahali mtu anaweza kuuza kitu kingine, au kuyaweka sisi wote pamoja ghala moja, au... sijui. Kama ningejua nisingekwenda."

Maneno hayo yalimpata Sumari. Lakini Lerionka alisimama.

"Nenda," alisema. "Nenda na miguu yako mwenyewe, kwa kuwa umeitaka. Lakini binti yangu simwachi akae miaka miwili akingoja mtu aliyejipeleka kwa Wadachi. Asali yako nitakurudishia kesho."

Migomba kule juu ikatikisika.

"Utamrudishia ipi?" aliuliza Sumari.

"Yake."

"Iliyochemshwa kwako? Tuliinywa, Lerionka. Mimi nililala hapo kwako, nikaamkia zizini, mbuzi ananilamba sikio. Asali hiyo itatoka wapi?"

"Nitanunua nyingine."

"Hiyo nyingine nayo tutaichemsha." Wazee walikuwa wameanza kucheka tena. "Wewe peke yako unaweza kurudisha asali mbichi. Ikishapita kooni kwetu, ni yetu wote, na wote hatujaamua. Au kuna mwenzetu anayetaka kuitapika?"

Hakuna aliyetaka. Lerionka aliwatazama mmoja mmoja, wanaume aliokunywa nao tangu ujana, na kila mmoja alikwepa macho yake akitabasamu. Alijaribu kushika hasira. Ikamponyoka kwenye pembe ya mdomo.

"Mavuno ya tatu," alisema mwishowe. "Asipoonekana hapa kwenye mavuno ya tatu, nyinyi mlioinywa ndio mtakaonitafutia mkwe mwingine. Na mkwe huyo hatakuwa Lengai."

"Baba, mimi nimepona," alisema Lengai kutoka nyuma.

Habari za namna Lemburis alivyojitoa zilienea haraka, na kitu kikabadilika. Mtu akitupwa hakuna anayemwagiza kitu. Lakini huyu alikuwa anakwenda na atarudi, kwa hiyo kila mtu alikumbuka jambo alilokuwa akijiuliza. Mmoja alitaka kujua kwa nini kahawa ya walowezi haiugui na yake inaugua. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli kule chini watu hula samaki wenye miba na hawafi. Abdulrahim alileta kitambaa cha kichwa kwa ajili ya jua la nyika, na akaomba asiulizwe bei. Resiato alipika mpaka mwanawe hakuweza kubeba, akampunguzia, akalia kidogo, akampikia tena.

Lengai alikuja amechoka, macho mekundu. Wazee walikuwa wamemzoea. Sasa kila alfajiri kulikuwa na mtu anagonga mlango wake: mfereji umeziba, ng'ombe hana majani, njoo wewe mchapakazi. "Waulize Wadachi," alimwambia Lemburis, "kama kuna dawa ya sifa."

Namnyaki alimsindikiza mpaka kwenye njia kuu. Hakuagiza chochote. Alimfunga kitambaa cha Abdulrahim vizuri zaidi, akamrekebisha mzigo begani, akamwambia aoge kwenye mto unaoenda kasi, asioge maji yaliyotuama. Kisha akageuka upesi, na Lemburis alimwona akipanda bila kutazama nyuma, shingo imesimama, mpaka migomba ikamficha.

Aliungana na wapagazi wa Abdulrahim waliokuwa wanashuka Moshi. Walimtania njia nzima kwa sababu ya kitambaa. Walipofika mto Usa, mwanamke wa Kimeru alikuwa ameketi kando ya njia na mikungu ya ndizi mbivu. Lemburis aliulizia bei. Mwanamke akamtajia.

"Na juzi ulikuwa unauzaje?"

"Juzi ilikuwa nafuu."

"Kwa nini leo zimepanda?"

"Kwa sababu leo mmekuja wengi, mna njaa."

"Na wakipita wengine kesho, utajuaje watakuwa wengi?"

Mwanamke alishusha mkungu kutoka gotini. "Wewe kijana, unanunua ndizi au unanunua maneno?"

Wapagazi walikuwa wameshavuka maji na walikuwa wanamwita. Lemburis alinunua ndizi, akalipa zaidi ya juzi, akakimbia kuwafuata, mdomo umejaa.